Ng'ombe Hanenepi Siku ya Mnada: Lishe na Ukuaji wa Ng'ombe wa Nyama

Maelezo yaliyotolewa Gongoni, Tabora, mbele ya kamati za parokia na wageni wafadhili



Mada tuliyopewa ni moja: ng'ombe wa nyama ale nini, na kwa kiasi gani, ili akue haraka na amnufaishe mwenye mali. Mada hii inaweza kuonekana kuwa ya wataalamu wa mifugo peke yao. Lakini mbele ya kamati zetu kuna uamuzi wa fedha: je, mfuko wa mradi ununue ng'ombe, au ununue chakula cha ng'ombe? Uamuzi huo hauwezi kufanyika vizuri bila kuelewa kinachotokea ndani ya tumbo la mnyama. Kwa hiyo tutaanza na tumbo, tutapita ghalani, na tutamalizia kwenye mfuko wa fedha.

HALI HALISI YA MKOA WETU

Tanzania ina ng'ombe zaidi ya milioni 30, na Tabora ni miongoni mwa mikoa yenye ng'ombe wengi. Walio wengi ni ng'ombe wetu wa asili, wadogo wenye nundu, wanaovumilia jua, kupe na safari ndefu ya kutafuta maji. Tangu zamani mji huu umekuwa mahali pa kupitia. Misafara ya kwenda Ujiji na ya kurudi pwani ilipumzika hapa Unyanyembe na kununua chakula. Reli ya kati ilipofika Tabora mwaka 1912, na tawi la Mwanza lilipokamilika mwaka 1928, ng'ombe nao wakaanza kupita hapa kwa mabehewa kuelekea Dar es Salaam.

Tukumbuke kwamba anayepita na ng'ombe ndiye mara nyingi anayepata faida, kuliko yule aliyemzaa na kumchunga miaka minne. Mchuuzi hununua ng'ombe aliyekonda mwezi wa Oktoba, kwa sababu mwenye ng'ombe anahitaji fedha ya mahindi au ada ya shule na hawezi kusubiri. Bei hukadiriwa kwa macho. Mbavu zikionekana, hakuna maneno ya kumtetea mnyama. Ndiyo maana wahenga walisema ng'ombe hanenepi siku ya mnada. Siku hiyo tunavuna tu kile tulichokipanda miezi mitatu au minne nyuma.

TUMBO LENYE VYUMBA VINNE

Ng'ombe hali majani kwa ajili yake peke yake. Ana tumbo lenye vyumba vinne, na chumba cha kwanza, kilicho kikubwa kuliko vyote, ni kama pipa la kuchachushia. Ndani yake wanaishi vijidudu wasiohesabika ambao si wa ugonjwa. Hao ndio wanaovunja nyuzi ngumu za majani ambazo binadamu, nguruwe au kuku hawezi kuzimeng'enya. Ng'ombe hula, hucheua, na vijidudu hufanya kazi. Baadaye vijidudu wenyewe husukumwa mbele na kumeng'enywa, nao huwa chakula cha ng'ombe. Kwa hiyo mfugaji anapomlisha ng'ombe, kwanza anawalisha vijidudu hao.

Vijidudu hao wana mahitaji yao. Wanahitaji chakula cha nguvu, yaani nishati, wanachokipata katika nyuzi, wanga na sukari. Wanahitaji chakula cha kujenga mwili, yaani protini. Wanahitaji madini kidogo na maji ya kutosha. Kimoja kikipungua, kazi yote hulegea, hata kama vingine vimejaa tele.

KWA NINI ANASHIBA LAKINI HAKUI

Hapa ndipo penye kiini cha mada yetu. Watu wengi wanaamini kwamba tatizo la kiangazi ni uchache wa majani. Ni kweli kwa sehemu, lakini hata palipo na majani marefu ya kutosha ng'ombe hukonda. Sababu ni kwamba majani ya mwezi wa Septemba si yale ya mwezi wa Januari. Majani machanga ya mwanzo wa mvua yana protini nyingi. Yakikomaa na kukauka, protini hupotea na nyuzi huwa ngumu kama mti.

Wataalamu wa lishe wanatupa kipimo kimoja cha kukumbuka. Kilo moja ya chakula kikavu ikiwa na protini chini ya gramu 70 hivi, vijidudu wa tumboni huanza kufa njaa. Majani yetu makavu ya mwisho wa kiangazi yanaweza kuwa na nusu tu ya kiasi hicho. Vijidudu wakipungua, majani hukaa tumboni siku nyingi bila kuvunjika. Tumbo linabaki limejaa, kwa hiyo ng'ombe hawezi kula zaidi. Huo ndio mtego: chakula duni kinamfanya ale kidogo, na kwa kula kidogo anazidi kudhoofika. Anaonekana ana tumbo kubwa, kumbe ana njaa.

Tufanye hesabu. Ng'ombe wa kilo 200, akipata chakula kizuri, anaweza kula kilo 5 hadi 6 za chakula kikavu kwa siku. Akipewa majani duni ya kiangazi peke yake, hula kilo 3 au 4 tu. Tuseme amekula kilo 4, zenye gramu 35 za protini kila moja. Amepata gramu 140 kwa siku nzima. Hazitoshi hata kumweka alivyo.

Sasa tumwongezee kilo moja ya mashudu mazuri ya alizeti, yenye protini gramu 250 hivi. Jumla ni gramu 390 katika kilo 5 za chakula, sawa na gramu 78 kwa kilo. Tumevuka ule mpaka wa gramu 70. Vijidudu wanafufuka, majani yanavunjika haraka, tumbo linapata nafasi, na ng'ombe anarudi malishoni kula majani yale yale makavu kwa wingi zaidi kuliko jana. Kilo moja ya mashudu imeyapa thamani majani yote aliyokula siku hiyo.

Lakini tuwe waangalifu. Si kila nyongeza hufanya hivyo. Tukimmwagia ng'ombe unga mwingi wa mahindi juu ya majani makavu, mambo hugeuka. Wanga mwingi hubadilisha hali ya tumbo, wale vijidudu wanaovunja nyuzi hushindwa, na ng'ombe huacha majani. Unga unachukua nafasi ya majani badala ya kuyasaidia. Ukizidi ghafla, tumbo huwa chachu, mnyama huharisha, hulegea, na anaweza kufa. Kwa hiyo kanuni ni hii: mwenye majani makavu mengi aongeze kwanza protini. Nishati ya ziada ifuate kwa yule anayetaka kunenepesha kwa ajili ya soko, nayo iongezwe polepole.

NG'OMBE WETU WA ASILI WANAWEZA

Tumesikia mara nyingi kwamba ng'ombe wa asili hawakui, na kwamba dawa ni kuleta mbegu ya kigeni. Hatupingi uboreshaji wa mbegu. Lakini tuangalie kwanza ushahidi uliopo nchini mwetu.

Katika miaka ya 2010 watafiti wa Chuo Kikuu cha Sokoine cha Kilimo, Morogoro, walichukua madume 45 ya ng'ombe wetu wa asili, wenye umri wa miaka miwili na nusu hadi mitatu na uzito wa kilo 200 hivi. Waliwagawa katika makundi matano na kuwalisha kwa siku 90. Kila kundi lilipata majani makavu pamoja na mchanganyiko wake: pumba za mahindi na molasi, pumba za mpunga na molasi, pumba za mahindi na unga wa mahindi, pumba za mpunga na unga wa mahindi, na unga wa mahindi na molasi. Kundi la pumba za mahindi na molasi ndilo lililoongoza, kwa kuongezeka gramu 919 kwa siku kwa kila ng'ombe.

Tutafakari namba hizo. Ndama wetu wa asili huzaliwa na kilo 20 hivi. Akifika kilo 200 akiwa na karibu miaka mitatu, ina maana ameongeza kilo 180 katika siku zinazokaribia 1,000. Hiyo ni kama gramu 180 kwa siku. Mnyama huyo huyo, wa damu ile ile, alipobadilishiwa chakula aliongeza mara tano ya hizo. Sehemu ya ongezeko hilo hutokana na kwamba mnyama aliyekaa na njaa muda mrefu, akipata chakula, hukua kwa kasi kana kwamba analipa deni. Hata hivyo somo liko wazi. Ng'ombe wetu anakua pole kwa sababu ya sahani yake kuliko kwa sababu ya ukoo wake. Tukileta mbegu ya kigeni yenye mwili mkubwa tukaiweka kwenye malisho yale yale ya Septemba, tutakuwa tumeongeza mdomo wa kulisha tu.

Kuna jambo jingine la kupendeza katika jaribio hilo. Mchanganyiko ulioshinda haukuwa na unga wa mahindi. Ulikuwa na mabaki ya mashine na ya kiwanda cha sukari. Maana yake ni kwamba inawezekana kunenepesha ng'ombe bila kugusa chakula cha watoto.

FUNZO KUTOKA KWA MAJIRANI

Jambo hilo la mwisho si dogo. Mwishoni mwa miaka ya 1960, Kenya, ikisaidiwa na Shirika la Chakula na Kilimo la Umoja wa Mataifa, ilianzisha kazi kubwa ya unenepeshaji huko Lanet, karibu na Nakuru. Ng'ombe wa nyama walilishwa vyakula vyenye mahindi, na walikua vizuri sana. Kwa upande wa elimu ya mifugo, kazi ile ilifanikiwa. Lakini faida yake ilitegemea bei ndogo ya mahindi. Bei ilipopanda katika miaka ya 1970, unenepeshaji wa namna ile ulikosa faida na ukafifia.

Huko Cuba nao, katika miaka hiyo hiyo, walichukua njia tofauti. Hawakuwa na nafaka ya ziada ila walikuwa na miwa. Wakanenepesha ng'ombe kwa molasi na urea, wakiongeza protini kidogo. Kila mmoja alitumia alichonacho. Wafugaji wa jirani zetu Shinyanga na Mwanza wananenepesha kwa mashudu na maganda ya mbegu za pamba, kwa sababu viwanda vya kuchambua na kukamua viko kwao. Swali letu sisi wa Tabora ni moja: sisi tuna nini?

TULIVYO NAVYO

Kwanza, tuna ngitili. Wasukuma na Wanyamwezi tangu enzi za wazee wetu walitenga sehemu ya malisho, wakaifunga mvua zinapoanza na kuifungua kiangazi. Mradi wa Hifadhi Ardhi Shinyanga ulipoanza mwaka 1986 haukuleta elimu mpya kutoka ng'ambo. Ulirudi kwa wazee, na kufikia mradi ulipokwisha mwaka 2004 ngitili zilikuwa zimeenea katika mamia ya maelfu ya hekta. Ngitili inatupa wingi wa majani. Haiwezi kutupa protini ya kutosha mwezi wa Septemba. Kwa hiyo ngitili na mashudu ni ndugu wawili, kila mmoja anamhitaji mwenzake.

Pili, tuna majani ya karanga. Tunalima karanga, tunachuma, na majani tunayaacha shambani yaoze au yachomwe moto. Majani ya karanga yaliyovunwa yakiwa bado na rangi ya kijani na kukaushwa kivulini yana protini gramu 110 hivi kwa kilo. Ng'ombe akila kilo 3 za majani makavu ya kawaida na kilo 2 za majani ya karanga, anaukaribia sana ule mpaka wa gramu 70 bila mwenye ng'ombe kununua chochote dukani. Majani ya viazi vitamu nayo ni mazuri, yakilishwa mabichi au yakikaushwa. Tahadhari ni moja: majani au karanga zilizoota ukungu zisilishwe. Sumu ya ukungu inadhuru mnyama na anayekunywa maziwa yake.

Tatu, tuna mashine za kusaga na kukoboa. Pumba za mahindi ni chakula cha nguvu kizuri. Za mpunga zinahitaji jicho. Mashine nyingi za vijijini hutoa maganda na pumba laini vikiwa vimechanganyika. Maganda hayana faida kwa ng'ombe, ni kumjaza tumbo tu. Zishike mkononi: zikichomachoma na kung'aa, ni maganda. Zikiwa laini na zenye mafuta kidogo, ni pumba.

Nne, tuna mashudu ya alizeti na ya pamba, kwa kuwa alizeti inakamuliwa hapa mkoani na pamba inalimwa Igunga na Nzega. Mashudu ya pamba yasilishwe ndama wadogo, kwa sababu yana kemikali ambayo matumbo yao hayajaweza kuishinda.

Tano, wanaolima mpunga wana majani yake. Yakilishwa yalivyo ni duni. Yanaweza kuboreshwa kwa kuyeyusha kilo 4 hadi 5 za urea katika lita 50 za maji, kunyunyizia kilo 100 za majani makavu, kushindilia na kufunika kwa nailoni wiki tatu bila hewa kuingia. Kabla ya kulisha, yafunuliwe ili harufu kali itoke. Kazi hii isifanyike bila afisa ugani kuwapo mara ya kwanza. Urea ni mbolea. Ng'ombe akiinywa kwenye maji au akiila kwa wingi, hufa katika muda mfupi. Ndama wasipewe kabisa.

Molasi hatukuiweka katika orodha yetu kwa makusudi. Viwanda vya sukari viko Kagera, Kilombero, Mtibwa na Moshi. Nauli ya kuifikisha hapa inaweza kumeza faida yote. Yule aliye na njia nafuu ya kuipata aitumie. Mradi wa parokia usiitegemee.

MCHANGANYIKO NA RATIBA

Kwa ng'ombe wa kunenepeshwa, mchanganyiko wa kilo 100 unaofaa mazingira yetu ni huu: pumba za mahindi kilo 78, mashudu ya alizeti au pamba kilo 20, chumvi kilo 1 na madini ya mifugo kilo 1. Dume la kilo 200 apewe kilo 4 kwa siku, nusu asubuhi na nusu jioni, pamoja na majani makavu kilo 2 hadi 3 na maji wakati wote. Maji yakikosekana, ng'ombe hali, hata umwekee chakula kizuri namna gani.

Asianzishiwe kilo 4 siku ya kwanza. Aanze na kilo 1, aongezewe nusu kilo kila baada ya siku mbili au tatu, ili vijidudu wa tumboni wazoee. Majani yasikosekane hata siku moja, maana ndiyo yanayomfanya acheue. Kabla ya kuanza apewe dawa ya minyoo na aogeshwe, la sivyo tutawanenepesha minyoo na kupe.

Achaguliwe dume au maksai wa miaka miwili na nusu hadi minne, mwenye mifupa mirefu, aliyekonda kwa njaa na si kwa ugonjwa. Ng'ombe mzee anaweza kujaa kidogo, lakini hawezi kukua. Na kila baada ya wiki mbili apimwe kwa utepe wa kifuani, na kipimo kiandikwe kwenye daftari. Asiyeongezeka kwa mwezi mzima aondolewe mapema, kwa kuwa anakula faida ya wenzake.

Muda unaofaa ni siku 90, kuanzia katikati ya Septemba hadi katikati ya Desemba. Ng'ombe hununuliwa wakati bei iko chini, na huuzwa karibu na sikukuu wakati ng'ombe wengi bado wamekonda. Lakini chakula chake lazima kiwe ghalani mwezi wa Julai na Agosti, mara baada ya mavuno. Anayetafuta mashudu mwezi wa Oktoba atakutana na wenzake wote njiani.

HESABU YA KILO SABA

Tusiwaahidi watu gramu 919 kwa siku. Zile zilipatikana katika jaribio, chini ya usimamizi wa karibu. Kwa mazizi yetu tupange gramu 550. Kwa siku 90 ni kilo 50 hivi za uzito hai. Mchanganyiko utakaoliwa ni kilo 4 mara siku 90, yaani kilo 360, ukihesabu kwa jumla. Gawanya 360 kwa 50, unapata kilo 7 na kidogo.

Kutokana na hapo tunapata kanuni ambayo kila kamati inaweza kuitumia bila mtaalamu. Kabla ya kuanza, uliza bei ya kilo 7 za mchanganyiko, kisha uliza bei ya kilo moja ya ng'ombe hai mnadani. Kama kilo 7 za chakula ni ghali kuliko kilo moja ya ng'ombe, usitegemee faida kutoka kwenye nyama iliyoongezeka. Kama ni nafuu, kuna nafasi, ukishaondoa dawa, ushuru na kazi. Ipo pia faida ya pili: ng'ombe aliyenona hupandishiwa bei ya kila kilo, hata zile 200 alizokuja nazo. Lakini faida hiyo inategemea mnunuzi, kwa hiyo tusiiweke kama msingi wa hesabu. Bei hubadilika kila mwaka. Kanuni hii haibadiliki.

NANI ALE KWANZA

Ndugu wajumbe, sasa tunafika kwenye jambo gumu. Chakula hakitatosha kwa ng'ombe wote. Nani ale kwanza?

Wapo wanaosema tuwape wa kunenepesha, kwa sababu wanaleta fedha haraka. Sisi tunaomba tutazame kwanza maksai wa kulimia. Mvua inapoanza mwezi wa Novemba, maksai huwa katika hali yake mbaya kuliko wakati wowote wa mwaka. Kaya ambayo maksai wake hawawezi kuvuta jembe huchelewa kulima, na mahindi yaliyochelewa hushindwa mvua inapokatika. Njaa ya mwezi wa Februari mwaka unaofuata huanzia kwenye mbavu za maksai mwezi wa Oktoba. Kilo moja ya mashudu kwa siku, kwa siku 100, ni kilo 100 kwa kila maksai. Kwa jozi moja ni kilo 200. Hizo zinaweza kuwa ndizo zinazotenganisha kaya iliyolima kwa wakati na kaya iliyolima kwa kuchelewa.

Wanaofuata ni ng'ombe wenye mimba na wanaonyonyesha. Ng'ombe aliyekonda sana hachukui mimba mapema, maziwa hukauka, na ndama wake huanza maisha akiwa nyuma. Baada ya hao ndipo tuwafikirie wa kunenepesha, tena kwa kaya ambazo zimekwisha hakikisha maksai wao wanakula. Tusimsaidie mtu kuuza dume nono Desemba, halafu tumpelekee mahindi ya msaada Machi.

MAOMBI YETU

Kwa kamati za parokia tunaomba mambo matatu. La kwanza, kila kigango kiwe na ghala dogo la chakula cha mifugo, lenye chanja za kuinua magunia yasishike unyevu. La pili, majani ya karanga yanunuliwe kwa kilo kutoka kwa akina mama wanaolima karanga, wakiwemo wale wasio na ng'ombe hata mmoja. Mjane asiye na zizi naye apate chake kutokana na mradi wa ng'ombe. La tatu, ngitili zipimwe na zikubaliwe na serikali ya kijiji kwa maandishi, ili aliyetunza malisho kwa miezi mitano asiyakute yameliwa na kundi lisilo lake.

Kwa ndugu zetu wafadhili, tunajua kwamba ng'ombe ni zawadi inayoonekana. Picha ya mama akikabidhiwa mtamba inaeleweka mara moja. Gunia la mashudu halina picha nzuri. Hata hivyo tunawaomba kwa heshima kwamba fedha ya kwanza iende kwenye chakula. Itolewe kama mkopo wa chakula mwezi wa Julai, na irudishwe baada ya kuuza Desemba, au baada ya mavuno kwa mwenye maksai, ili mwaka unaofuata iwahudumie wengine. Kuongeza ng'ombe juu ya malisho yasiyotosha ni kuongeza vifo vya kiangazi, na pia ni kuongeza ugomvi wa wakulima na wafugaji ambao mikoa mingi ya nchi yetu imekwisha uonja.

Na tunaomba tupimwe. Msituulize mwakani tumegawa ng'ombe wangapi. Tuulizeni kila ng'ombe ameongeza kilo ngapi, amekula nini, kwa gharama gani, na ni kaya ngapi zililima katika wiki mbili za kwanza za mvua. Majibu hayo yatakuwa kwenye madaftari ya vigango, na yeyote kati yenu atakaribishwa kuyafungua.

Mavuno ya karanga hayasubiri. Kamati itakayokubali mpango huu ianze kwa kuwaambia watu wake jambo moja ambalo halihitaji fedha ya mfadhili: mwaka huu, majani ya karanga yasichomwe moto.